Mkutano wa Urithi, Wahusika Wote Wafike

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeitwa na Mama Mkurugenzi. Nilidhani ni lile suala la kiti kilichovunjika. Kumbe la! Taasisi yetu ya utafiti wa mimea inataka kuwakutanisha wanasayansi Alhamisi ya wiki ijayo, wazungumze kuhusu jenetiki kiidadi na mazingira. Mwandaaji ni mimi, karani wa muda. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyenyonyeshwa jenetiki kiidadi. Ukweli ni kwamba sikujua kama inaliwa au inavaliwa.

Masharti ni mawili. Kwanza, ukumbini wawepo watu wasiopungua arobaini, maana mgeni rasmi anakuja kuangalia kama taasisi bado inapumua. Pili, mabingwa wetu wawili, Bwana Mbegu na Bibi Udongo, wakae chumba kimoja na wasemezane. Hawajasemezana miaka kumi na moja. Nikifaulu, nafasi ya mratibu wa mikutano ni yangu, ajira ya kudumu. Nikishindwa, mkataba wangu unaisha Ijumaa tarehe 14, na ndiyo buriani.

Nafasi hiyohiyo anaimezea mate Mkutubi. Nilipomwendea kuomba kitabu cha hiyo jenetiki, akanichagulia kinene kuliko vyote, huku anatabasamu. Nyoka!

Nimeelewa ukurasa mmoja tu. Lakini ukurasa huo, jamani! Kumbe zipo sifa za kupimwa: urefu, uzito, wingi wa mavuno. Hazitoki kwenye jeni moja. Zinatoka kwenye jeni nyingi, kila moja inachangia kidogo, halafu mazingira nayo yanatia mkono. Nimekaa nikifikiri habari za kaka yangu. Sisi ni baba mmoja, mama mmoja. Yeye anainama kupita mlangoni. Mimi natafuta stuli nikitaka kubadili taa. Kwa nini? Miaka yote hii sijawahi kujiuliza.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimemtembelea Bwana Mbegu ghalani kwake. Bahasha elfu moja za mbegu, zote kaandika kwa mkono. Nikampa shikamoo, nikauliza swali langu la kaka. Akasema siri yote iko kwenye mbegu, mengine ni porojo. Nikatoka nimeridhika kabisa.

Nikaenda kwa Bibi Udongo. Akanionyesha makopo mawili ya maharage. Mbegu za mfuko mmoja, zimepandwa siku moja. Kopo la kwanza mharage umepanda mpaka dirishani. La pili umedumaa, majani mawili ya njano. Akasema siri yote iko kwenye udongo, mengine ni majivuno ya watu fulani. Nikatoka nimeridhika kabisa tena. Haiwezekani wote wawe sahihi. Au inawezekana?

Nimedodosa chanzo cha ugomvi. Dirisha! Lile la banda la miche. Bwana Mbegu alitaka lifungwe, Bibi Udongo alitaka liwe wazi. Kila mmoja aliandika barua ya malalamiko. Tangu hapo dirisha limefungwa kwa waya, nusu wazi, nusu limefungwa, na hakuna anayeligusa.

Basi nikatumia akili. Nimemwambia Bwana Mbegu kwamba Bibi Udongo atakuwa safarini siku hiyo, hivyo yeye ndiye msemaji mkuu. Nimemwambia Bibi Udongo hivyohivyo, kinyume chake. Wote wamekubali chini ya dakika moja. Uongo mdogo, tena wa heri. Mimi ni mtu hatari sana!

Jumatano, tarehe 5 Machi

Udadisi umenishika kooni. Kwa nini nisipime mwenyewe? Nimechukua futikamba ya mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, nikaenda nayo kazini. Nia yangu: kupima urefu wa kila mfanyakazi, kisha kuuliza urefu wa baba yake na mama yake. Utafiti kamili. Mama Mkurugenzi angeona kwamba huyu si karani wa hivihivi.

Nikaanza na mlinzi. Akapimwa vizuri, akauliza kama na kiuno napima. Nikasema kiuno nacho ni sifa inayopimika. Kosa! Mlinzi anaifahamu futikamba ile, suruali yake imeshonwa kwetu. Kufika saa nne taasisi nzima inajua kwamba sare mpya zinakuja. Foleni ikafika bustanini. Dereva akataka mifuko minne. Mhasibu akauliza kwa nini tunaulizwa urefu wa wazazi, mwenzake akamjibu kwamba pengine na wao watapewa.

Mama Mkurugenzi akaletewa ujumbe wa wafanyakazi kukataa rangi ya kahawia. Akanitazama muda mrefu. Nikasema ni maandalizi ya mkutano. Akafunga mlango wake. Bora angesema.

Nyumbani nako moto. Mke wangu kamkatia mteja gauni kwa kukadiria kwa macho, limembana. Akauliza futikamba ilikuwa wapi. Nikamweleza habari za jeni. Akasema hata kwetu mimi ndiye niliyedumaa, na si mwili.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Majibu ya barua za mwaliko: wanasayansi tisa. Tisa! Natakiwa arobaini. Nilitembea ofisini huku na huko mpaka mhudumu akaniomba nikae, anadeki.

Tatizo ni jina. Mama Mkurugenzi ameuita mkutano "Jenetiki Kiidadi na Mazingira: Mjadala Kuhusu Kurithika kwa Sifa Zinazopimika". Nani atatoka kwake aje kusikiliza hayo? Nikakaa nikalipunguza, nikalipunguza, mpaka likabaki tamu. Nimechapa tangazo hivi:

MKUTANO WA URITHI. Nani anarithi nini? Kutoka kwa nani? Kwa kiasi gani? Wataalamu watatoa majibu. Wahusika wote wafike.

Pembeni nikaweka namba ya simu ya ofisini kwangu. Kazi safi. Mkutubi kalisoma, akasita, akasema kaka yangu, neno hilo lipime kwanza kabla hujalibandika. Nikamjibu kwamba mwenye wivu ajinyonge, kamba tunayo. Hakucheka.

Nimebandika posta, sokoni na stendi. Moja nimeliweka kwenye ubao wa mahakama, maana ubao wao una paa na karatasi hailowi. Lazima mtu afikirie mambo kama hayo.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Simu! Tangu nifungue mlango haijapumzika. Kumbe wananchi wana kiu ya sayansi kiasi hiki!

Wa kwanza, mwanamume mwenye sauti nzito, kauliza kama waje na cheti cha kifo cha mzee. Niliguswa. Umakini wa ajabu! Nikasema waje nacho, na cha babu pia kama kipo, takwimu hazikatai. Wa pili kauliza kama mashahidi wanaruhusiwa. Nikasema sayansi bila mashahidi ni umbea, waje nao.

Dada mmoja akasema kwao wako tisa, baba mmoja, mama watatu, je, na wao wamo? Nikakimbia kwa Bwana Mbegu. Akafumba macho kwa raha. Akasema baba mmoja mama tofauti, hao ni dhahabu, waje wote! Nikarudi nikamwambia dada hivyohivyo, neno kwa neno. Akaanza kulia. Akasema miaka sita hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Nilishangaa kidogo. Lakini sayansi humgusa kila mtu kivyake.

Mwingine kauliza kama kifungua mimba anapata zaidi kuliko kitinda mimba. Kwa Bwana Mbegu tena, mbio. Akasema hakuna cha mkubwa wala mdogo, kila mtoto anapata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Nikampa jibu. Akaniomba nirudie, kwanza aongeze sauti ya simu ili kaka zake wasikie. Nikarudia polepole. Nikasikia kiti kikianguka, na mtu akipiga vigelegele.

Mkutubi anapita dirishani kwangu kila baada ya nusu saa. Roho inamuuma.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Leo simu thelathini na mbili. Moja imenikaa akilini, sijui kwa nini.

Ni mama mwenye sauti ya chini. Akaniita mwanangu. Akauliza kama mke naye anarithi kwa marehemu mumewe. Nikamwambia asubiri kidogo. Nikamuuliza Bwana Mbegu. Alicheka mpaka akafuta macho. Akasema mke atarithije kwa mumewe? Wana damu moja hao? Hata chembe!

Nikamwambia mama kwamba mtaalamu anasema mke harithi hata chembe.

Nikasikia kalamu ikitafutwa. Kisha akauliza jina langu kamili, na saa ya mkutano. Nikampa vyote. Anaonekana ni mtu makini sana. Ila nimemaliza chai bila kuisikia ladha, na sielewi sababu.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nianze wapi?

Nilifika saa mbili kasoro. Ua umejaa! Watu na mafaili kwapani. Familia zimesimama makundi makundi na hazisalimiani. Wakili mmoja mwenye suti akanipa mkono akisema amefurahi kukutana na mwenzake. Nilihesabu mpaka mia moja na themanini nikachoka. Wanasayansi tisa walikuwa wamebanwa ukutani. Mgeni rasmi akaninong'oneza kwamba hajawahi kuona umma unaopenda jenetiki namna hii. Nikasema ni suala la uhamasishaji.

Bwana Mbegu na Bibi Udongo wakakutana ngazini. Wote wawili wakanigeukia, wala hawakutazamana. Nikasema safari imeahirishwa. Safari ya nani, wakauliza pamoja. Nikasema zote. Wakakaa meza moja, mgeni rasmi katikati kama ukuta.

Bwana Mbegu akaanza. Akasema leo tutajua kipi kinatoka kwa baba na kipi kinatoka kwa mama. Makofi! Vigelegele! Maskini, miaka thelathini ya kazi hajawahi kupigiwa vigelegele. Akavimba, akaongeza kwamba kila mtoto anapata nusu kwa nusu. Nusu ya ukumbi wakasimama kushangilia. Nusu nyingine wakasimama kupinga. Mtu akapaza sauti, nusu ya nyumba au nusu ya kiwanja? Bwana Mbegu akavua miwani, akauliza kiwanja gani.

Hapo akasimama mama mmoja mfupi, wa makamo, mkoba kaukumbatia. Ukumbi ukatulia. Akasema anamtafuta mtu, akataja jina langu lote. Akasema mtu huyo alimwambia kwa simu kwamba yeye hapati hata chembe. Ameishi nyumba ile miaka ishirini na sita. Kaipaka rangi kwa mikono yake. Siku mbili hajalala. Alitaka tu amwone usoni mtu aliyesema maneno yale.

Wakati huo nilikuwa chini ya meza ya chai, natafuta kijiko.

Ningeweza kubaki huko. Lakini hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka, na sauti ile ya uchovu ilinichoma. Ndipo likaniingia, lote kwa mpigo. Urithi! Mabingwa walizungumza urithi wa damu, hawa wamekuja kwa urithi wa nyumba, na katikati nimesimama mimi na simu. Ardhi ipasuke inimeze!

Nikatoka. Nikamwambia mama, ni mimi, nisamehe. Nikaeleza mbele ya wote kwamba tulikuwa tunazungumzia maharage, na urefu wa watu, na jeni. Kwamba hakuna aliyesema habari ya nyumba yake. Kwamba kosa ni langu peke yangu. Niliona aibu, sijawahi kuona aibu kama ile.

Kisha mama akauliza, maharage? Nikasema ndiyo mama, maharage. Akaketi, akaweka mkoba magotini, akaanza kucheka na kulia pamoja. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wakili akamfuata, akamwambia mambo ya mjane hayaamuliwi na maharage, wataketi wote wawili wayaangalie, bila haraka.

Lakini watu wakaanza kutoka. Waje kwa nyumba, wakae kwa maharage? Nikaona ajira yangu ikitoka mlangoni na mafaili kwapani. Mia. Sabini. Hamsini.

Ghafla Bibi Udongo akasimama juu ya kiti. Akawazuia wanaume wawili waliokuwa karibu na mlango, wameshika faili moja. Akauliza kama ni mapacha. Wakasema ndiyo. Sura ileile, pua ileile, hata kuguna kwao kulekule. Ila mmoja kamzidi mwenzake kichwa kizima! Akauliza walikulia wapi. Wakasema walitenganishwa wakiwa na mwaka mmoja, huyu kalelewa na shangazi, yule kabaki nyumbani wakati wa shida.

Bwana Mbegu akaruka kutoka kwenye kiti. Akamwambia Bibi Udongo, uso kwa uso, waona sura hizo? Mbegu! Naye akamjibu, na urefu huo je? Udongo! Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza baada ya miaka kumi na moja. Mama Mkurugenzi akanishika mkono bila kujua kwamba ni wangu.

Watu wakarudi. Nani angeondoka? Kila mmoja alikuwa na lake. Huyu ana watoto wenye macho tofauti na yake, huyu mwanawe kamzidi urefu akiwa na miaka kumi na mitatu. Nikatoa futikamba (nilishaapa kuirudisha, lakini Mungu anajua). Tukapima baba na wana, mama na mabinti, mpaka wale waliokuja na mashahidi wakapima mashahidi. Bwana Mbegu anasoma namba, Bibi Udongo anaweka vitone kwenye karatasi kubwa ukutani. Vitone vikapanda pole pole kwenda juu, wazazi warefu watoto warefu, lakini si kwa mstari ulionyooka, vimetawanyika. Bwana Mbegu akasema kupanda huko ni kazi ya mbegu. Bibi Udongo akasema mtawanyiko nao ni kazi ya udongo. Bwana Mbegu akakubali, kwa shida, ila akasema hata kwenye mtawanyiko mbegu ina sehemu yake.

Kisha yule mama mjane akanyoosha mkono. Akauliza kama watu wote wangelelewa nyumba moja, chakula kimoja, malezi mamoja, tofauti itakayobaki itatoka wapi? Bwana Mbegu akaketi taratibu. Akasema itatoka kwenye mbegu. Bibi Udongo akamalizia kwamba basi hata ukubwa wa sehemu ya mbegu unategemea udongo. Wakatazamana. Bwana Mbegu akasema swali hilo amelisubiri kwa wanafunzi miaka mingi, na limeletwa na mtu aliyekuja kutafuta nyumba yake.

Niliweka kitone changu na cha kaka. Vimekaa mbali mbali, na mstari aliouchora Bibi Udongo unapita katikati yetu. Nilisimama pale muda mrefu nikivitazama. Tulilelewa nyumba moja sisi. Nani basi ataniambia kwa nini yeye ndiye mrefu?

Tumefunga saa kumi na mbili jioni. Walipokuwa wakitoka, nikawasikia mabingwa wakibishana kuhusu dirisha la banda la miche. Kwa sauti. Pamoja.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nilivaa shati jeupe, la kuagia. Mama Mkurugenzi akanitazama kama siku ile ya sare. Akasema nimemdanganya kila mtu, nimemliza mama wa watu, nimegeuza taasisi kuwa baraza la usuluhishi. Nikainamisha kichwa.

Kisha akasema ukumbi ulijaa, mabingwa wanaandika utafiti wa pamoja, na mgeni rasmi ameomba tufanye mwingine. Nafasi ni yangu! Kwa sharti moja: hakuna tangazo litakalotoka bila kupitiwa na Mkutubi. Nikaapa. Niliapa kwa mikono miwili. Nikamwendea Mkutubi nikamwambia dada, ulisema nilipime lile neno, nami sikusikia. Akasema maji yakimwagika hayazoleki, ila mwenye kujifunza hujifunza. Kumbe ni mtu mwema. Nimekuwa mtu mpya.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Mkutano wa kwanza nikiwa mratibu kamili! Mama Mkurugenzi kauita "Mbinu za Kisasa za Uteuzi wa Mbegu zenye Sifa Bora kwa Kizazi Kijacho". Watu hawa hawana huruma na wino.

Tangazo nililitayarisha jana mchana. Mkutubi alikuwa ametoka kwenda posta, angerudi baada ya saa nzima. Sayansi haisubiri posta. Tena safari hii neno urithi sijaligusa hata kidogo, nimeshajifunza. Nimeweka maneno mepesi, yasiyo na utata wowote:

UTEUZI MPYA. MKURUGENZI. Wenye sifa wote wafike.

Mama Mkurugenzi ndiye msemaji mkuu, ila jina lake sikuliandika, kila mtu anamjua. Nimebandika kwenye ubao wa ofisi ya kazi. Nao una paa.

Leo saa moja asubuhi getini watu sitini! Tai, viatu vinang'aa, vyeti kwenye plastiki. Wanauliza sifa zipi zinatakiwa. Nimewaambia zinazopimika. Mmoja kauliza mkurugenzi wa sasa imekuwaje. Nikamwambia yuko juu ofisini, ila ataongea mwisho.

Mama Mkurugenzi amefungua dirisha. Ananiita, majina yangu yote matatu, mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wamegeuka. Kumbe alikuwa hajui kwamba naweza kujaza ukumbi hata kabla ya chai! Nachana nywele niende nikapokee pongezi.